Namba Saba ya Mbwa

Mtu akiingia kinyozi pale Makutano mjini Meru, au karibu na steji ya Embu, maneno mawili humtosha. Anasema "namba moja" na kuketi. Kioo kiko mbele yake, mkono wake uko huru kupapasa utosi, na mashine ikipita mahali asipotaka atainua kidole kabla hasara haijaenea. Ndiyo maana wengi wetu hatujawahi kujifunza kueleza nywele kwa maneno: kioo hutusemea. Mbwa hana kioo wala kidole cha kuinua. Mwenye mbwa naye mara nyingi hayupo; amemwacha asubuhi, akaenda Gakoromone sokoni au ofisini, na atarudi saa tisa akute kazi imekwisha. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi; mbwa hata kumwagiza kinyozi hawezi. Maagizo yote basi yanabebwa na zile sentensi mbili tatu zinazosemwa mlangoni, na hoja yangu ni kwamba malalamiko mengi kuhusu mbwa aliyenyolewa vibaya huzaliwa hapo mlangoni, kabla mashine haijawashwa.

Tuanze na namba, maana hizo hupotosha bila mtu kushtuka. Mashine ya nywele za watu huvishwa vitana vya plastiki, na kadiri namba inavyopanda ndivyo nywele zinazobaki zinavyokuwa ndefu: namba 1 huacha takriban milimita 3, namba 2 milimita 6, namba 4 milimita 13, namba 8 milimita 25. Mashine ya mbwa yenye bledi za kubadilisha inafuata mpango ulio kinyume kabisa. Namba ikipanda, manyoya hufupika. Bledi namba 4 huacha karibu milimita 9, namba 5 milimita 6, namba 7 milimita 3, na namba 10 milimita moja na nusu hivi, urefu ambao kwa mbwa mweupe unakuonyesha ngozi ya waridi iliyo chini. Namba 40 ni ya daktari anayeandaa ngozi kwa upasuaji. Sasa mfikirie mteja aliyezoea kinyozi cha watu, anayetaka manyoya ya mbwa wake yabaki marefu. Anasema, "Weka namba saba." Kichwani mwake namba saba ni zaidi ya sentimita mbili. Mkononi mwa fundi ni milimita tatu. Hakuna aliyesema uongo, hakuna aliyekosea hesabu, na mbwa anarudi nyumbani kama kondoo aliyetoka kukatwa sufu.

Mambo huzidi kutatanika kwa sababu katika miji yetu anayemnyoa mbwa anaweza kuwa mtu wa aina yoyote. Anaweza kuwa daktari wa mifugo mwenye bledi za mbwa, fundi aliyepanda kutoka Nairobi kwa miadi ya Jumamosi, au kijana mwenye mkono mzuri anayetumia mashine ileile ya kunyolea watu kwa kuwa ndiyo aliyo nayo. Kwa huyu wa mwisho, namba saba ni ile unayoijua wewe. Kisha kuna mwelekeo: bledi ikipelekwa kinyume na manyoya yanavyolala, huacha manyoya mafupi zaidi kuliko bledi hiyohiyo ikipelekwa kufuata yanavyolala. Kwa hiyo namba peke yake haitoshi kuelewana. Uliza kwanza mashine ni ipi, kisha acha namba na useme urefu wenyewe: "Fundi, nataka yabaki sentimita mbili mgongoni." Kama hamna rula, njiti ya kiberiti ipo katika kila duka la mtaa, na nusu yake ni kama sentimita mbili. Ishike kwenye manyoya ya mbwa, mbele ya macho ya fundi, na umwambie yafike hapo. Inaonekana jambo la kuchekesha, lakini njiti haina tafsiri mbili.

Neno lenye tafsiri nyingi kuliko yote ni "kidogo". Tunalipenda kwa sababu ni neno la adabu. Tunasema "nisaidie kidogo" tukitaka msaada mkubwa, na "ngoja kidogo" tukijua kabisa kwamba ni saa nzima. Katika Kiswahili chetu cha kila siku "kidogo" hulainisha ombi, halipimi kitu. Mteja anayesema "mpunguze kidogo" amemheshimu fundi, lakini hajamwambia lolote. Fundi naye, akiwa na adabu hiyohiyo, haulizi "kidogo ni ngapi?" asije akaonekana hajui kazi. Wanaagana wakitabasamu, kila mmoja na kidogo chake. "Mfanye awe safi" ni hivyohivyo, na "fupi fupi" ni hivyohivyo. Hata majina ya mitindo yanayosikika mitandaoni, mtindo wa mtoto wa mbwa au wa dubu wa kuchezea, hayana kipimo kimoja ambacho mafundi wote wamekubaliana. Katika mkono mmoja ni sentimita tatu mwili mzima, katika mwingine ni mwili mfupi na uso wa mviringo. Taja mtindo ukipenda, lakini kifuatishe kipimo.

Wengi hudhani picha inamaliza mjadala. Picha inasaidia sana, ila inategemea ni picha ya nani. Mbwa wa Maltese uliyemtoa intaneti ameoshwa, amekaushwa kwa hewa ya moto huku akichanwa, na amepigwa picha dakika chache baadaye; manyoya yake ni ya hariri na yananing'inia. Wako huenda ni chotara mwenye manyoya ya kujikunja, na hata akinyolewa na bingwa hatafanana na yule. Picha bora kuliko zote ni ya mbwa wako mwenyewe siku alipokupendeza: moja ya ubavuni, moja ya uso, moja ya nyuma. Hiyo inamwambia fundi kwamba jambo hilo linawezekana kwa mnyama huyu. Na kama una picha ya siku aliponyolewa ukachukia, ichukue pia. Kujua usichotaka mara nyingi ni rahisi kuliko kujua unachotaka, na fundi atakushukuru kwa vyote viwili.

Kipimo kikishaeleweka, sema sababu. Fundi anayejua kwa nini unataka kunyoa anaweza kukupa ushauri ambao hukujua kuuomba. Mbwa anayeishi Timau, kwenye baridi ya mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, hana mahitaji sawa na wa Siakago kule Mbeere kwenye joto kavu. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huleta tope jekundu la udongo wa volkeno linaloganda tumboni na katikati ya vidole. Kama hilo ndilo linalokusumbua, pengine unahitaji tumbo, miguu na nyayo zipunguzwe tu, na mgongo uachwe. Halafu kuna kishona nguo. Mbegu zake zenye ndoano, zilizojaa kando ya mashamba ya kahawa na vijia vya kwenda mtoni, hujipachika kifuani, kwapani na nyuma ya masikio, na kila mbegu iliyokaa siku tatu ni mwanzo wa fundo. Mwenye mbwa anayezurura shambani anaweza kutaka sehemu hizo ziwe fupi mwaka mzima. Ukimwambia fundi, "Shida yangu ni kishona nguo," umempa maelezo mengi kuliko ukimwambia "mnyoe vizuri."

Pitia mwili sehemu kwa sehemu, kwa sababu "mwili mzima" kwa fundi unaweza kujumuisha mkia. Uso ndio unaozua ugomvi mkubwa. Sentimita moja ikipotea mgongoni haionekani, lakini nyusi, ndevu za kidevuni na manyoya ya masikio yakipotea mbwa huonekana mgeni hata kwa watoto wa nyumbani. Sema kama manyoya ya machoni yakatwe ili aone. Sema masikio yabaki na urefu gani, na mkia uachwe na unyoya wake au la. Chini ya mkia na sehemu za siri pafupishwe kwa usafi. Hapo hakuna anayebishana. Kucha zitajwe kwa jina, pamoja na ule ukucha wa pembeni ulio juu ya wayo, ambao usipokatwa huweza kujikunja ukaingia kwenye nyama. Kwenye kucha nyeusi mshipa wa damu ulio ndani hauonekani kutoka nje, kwa hiyo omba zikatwe kwa vipande vidogo vidogo, hata kama hazitakuwa fupi kama ulivyotamani.

Sasa nifike mahali ambapo lawama mara nyingi humwangukia fundi asiyestahili. Manyoya yaliyosongamana mpaka yakawa kama zulia hayawezi kuachwa marefu kwa sababu tu mteja ameomba. Bledi haipiti katikati ya fundo. Lazima ipite chini yake, kati ya fundo na ngozi, na nafasi hiyo mara nyingi ni milimita chache tu. Urefu wa mwisho basi unaamuliwa na fundo, si na wewe wala fundi. Anayesema "yafungue yote lakini usiyakate" anaomba mnyama achanwe kwa masaa huku ngozi ikivutwa, na hayo ni mateso. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, lakini hata bila sheria mtu mwenye huruma angeona. Chini ya fundo la miezi ngozi huweza kuwa nyekundu, yenye unyevu, hata na vidonda, na mambo hayo hufichuka mashine ikipita. Mteja akiona hudhani ni mashine iliyoyaleta. Wakati mwingine ni kweli, maana bledi hupata moto ikifanya kazi kwa muda na huweza kuunguza, na ni haki yako kuuliza kama fundi huisimamisha ipoe. Lakini mpapase mbwa kwa vidole hadi kwenye ngozi kabla hujatoka nyumbani, nyuma ya masikio, kwapani na mapajani, na useme ukweli kwa simu: "Ana mafundo kwapani na nyuma ya masikio, sijamchana tangu Agosti." Fundi atajua atenge muda gani na bei gani, na wewe utasikia mapema kwamba huenda mbwa akarudi mfupi sana.

Hapa methali yetu maarufu inatukosesha. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kwa binadamu ni busara. Kwa mbwa mwenye mafundo ni kosa, kwa kuwa fundo likilowa na kukauka hukaza zaidi. Ukimwogesha jioni ya Ijumaa ili Jumamosi aende kwa kinyozi akiwa msafi, umempa fundi kazi ngumu mara mbili. Mchane kwanza, au mpeleke akiwa mchafu.

Kuna agizo moja ambalo, hata likisemwa kwa ufasaha wote, fundi mwema anapaswa kulipinga. Nalo ni kumnyoa kipara Japanese Spitz au German Shepherd "ili asisikie joto". Mbwa hawa wana tabaka mbili: manyoya marefu ya juu, na sufu laini ya ndani iliyoshikana karibu na ngozi. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza hasa kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na jasho kidogo la nyayoni. Tabaka hizo humkinga na baridi, na pia huchelewesha joto la jua kufika ngozini. Ukizinyoa, jua linampiga moja kwa moja, na tukumbuke ikweta inapita kilomita chache tu kusini ya mji wa Meru. Ngozi nyeupe ya Spitz aliyenyolewa huweza kuungua. Zaidi ya hayo, manyoya ya juu wakati mwingine hayaoti sawasawa tena, hubaki na mabaka kwa miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Unachotaka kuomba hapo ni sufu iliyokufa itolewe kwa kitana na mbwa aoshwe na kukaushwa. Poodle, Maltese na Shih Tzu ni habari nyingine. Manyoya yao huendelea kurefuka na lazima yakatwe. Chotara usiyejua asili yake mtenganishe manyoya kwa vidole vya mkono: ukikuta sufu nene chini, tofauti na manyoya ya juu, mchukulie kama Spitz. Na mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi hahitaji kunyolewa kabisa. Bafu, kucha na masikio vinamtosha, na fundi anayekutoza pesa za kumnyoa huyo anakuibia.

Nasikia pingamizi. La kwanza ni kwamba kumwekea fundi masharti ni kumdharau; yeye ndiye mwenye ujuzi, aachiwe kazi yake. Pingamizi hili lina uzito katika jamii zetu, ambako mtu anayemfundisha mwenye kazi yake huhesabiwa ana kiburi. Lakini linachanganya mambo mawili. Ujuzi wa fundi uko katika namna ya kufanya: bledi ipi, mkasi upi, ngozi ivutwe vipi pale kwapani isikatwe. Kinachotakiwa kufanywa ni uamuzi wako, kwa kuwa wewe ndiye utakayeishi na mbwa huyo. Mama hampelekei fundi cherehani kitambaa bila vipimo kwa sababu anamheshimu. Hupimwa kiuno na kifua, kisha heshima ikafuata palepale. Anayetoa kipimo humwachia fundi uhuru wa kweli, kwa sababu hatalaumiwa kwa jambo ambalo hakuambiwa. Na baada ya kusema yako, muulize: "Wewe unaonaje, fundi? Yanawezekana haya?" Kisha nyamaza usikie. Akisema haiwezekani, mwombe akuonyeshe ni kwa nini, kwa kugusa manyoya yenyewe. Fundi anayekubali kila kitu bila kumgusa mbwa ni wa kutiliwa shaka kuliko anayebisha.

Pingamizi la pili ni kali zaidi: mbwa ni mbwa, manyoya yataota, na kuna watu Meru na Embu wanaohangaikia karo, nani ana muda wa milimita? Nakubali kwamba mkia ulionyolewa vibaya si msiba. Ila mazungumzo haya hayagharimu shilingi, na wasio na pesa ndio hasa wasioweza kulipia kazi mara mbili, au kulipa daktari kwa sababu ya ngozi iliyokatwa. Tena, baadhi ya mambo yanayosemwa mlangoni hayahusu urembo hata kidogo. Kama mbwa amewahi kuuma, sema. Hapa hakuna aibu ya kuficha, kwa sababu Kenya bado inapambana na kichaa cha mbwa. Mkakati wa taifa wa kukitokomeza kwa binadamu ulipangiwa miaka ya 2014 hadi 2030, na anayeshika midomo ya mbwa wa watu kila siku yuko mstari wa mbele. Nenda na kadi ya chanjo. Sema kama mbwa ni mzee, ana kifafa, ana mimba, au ana uvimbe uliojificha chini ya manyoya ambao mashine inaweza kuukata.

Uliza pia anaoshwa kwa dawa gani. Katika nchi ya ng'ombe kama yetu, dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe iko katika kila duka la agroveti, na ikichanganywa kwa kukisia huweza kumdhuru mbwa mdogo au mtoto wa mbwa. Amitrazi ni mojawapo. Dawa yenye permethrini, ambayo mbwa wengi huivumilia, huweza kumuua paka. Kama paka wako hulala na mbwa, fundi hawezi kulijua hilo usipomwambia. Na fundi akipendekeza mbwa apewe dawa ya usingizi ili atulie, uliza ni nani atakayeitoa. Hiyo ni kazi ya aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo chini ya sheria ya 2011, si kidonge cha mtu kilichovunjwa nusu. Mbwa asiyetulia anaweza kunyolewa kwa siku mbili, na anaweza pia kuachwa na manyoya yake.

Ukirudi kumchukua, usilipe ukiwa kwenye boda boda. Ingia, mpapase mbwa mwili mzima, tazama masikio, kwapa na nyayo, na useme palepale kama kuna sehemu imebaki ndefu. Dakika tano za mkasi hurekebisha urefu uliozidi, ilhali uliopungua hakuna wa kuurudisha. Ndiyo maana mara ya kwanza kwa fundi mgeni ni afadhali kuomba urefu uliozidi kidogo ule unaoutaka. Samahani kwa kulitumia neno hilo: sema zaidi kwa nusu sentimita. Na kazi ikikupendeza, muulize alitumia mashine ipi, bledi au kitana namba ngapi, na alipitisha kuelekea wapi. Iandike nyuma ya kadi ya chanjo, pamoja na tarehe, kabla hujatoka mlangoni.